Vitz ya Idi na ile programu ya Kigobe

Wanaomuona Idi leo wanamuona ku volan ya Probox ya mutu mwingine, kofia imeshuka mupaka ku macho, na wanasema: ule muzee ana roho mubaya, hasalimu watu. Nyamazeni. Hamumujui. Mi ni mutoto wa dada yake, namuita tonton, nimekulia mu nyumba yake Kinama, hapa Buja, na kama kuko mutu ana haki ya kusema Idi ni nani, ni mi Khaled. Wengine wafunge domo.

Idi alianza kuendesha gari za watu kabla mi sijazaliwa. Aliendesha kamyoneti ya matofali, akaendesha basi ya shule ya masista, halafu miaka mingi akaendesha taksi za Dieudonné, ule wa Mutakura mwenye lango la bleu. Dieudonné ana gari nyingi mupaka anachanganya majina ya madereva wake. Na kuko kitu anafanya, kila dereva wa huku juu anakijua. Jioni ukirudisha gari, unaiacha inje, huingii ndani. Ku lango kuko katundu, kadogo, ka kupitisha mukono tu. Unapitisha ufunguo pale. Mukono unatoka, unachukua, basi. Lango halifunguki, hakuna asante, hakuna lala salama. Halafu mulinzi anaingia mu gari kuchungulia mushale wa esansi, wa mafuta ya gari, kama vile umeiba.

Miaka yote ile Idi alipitisha ufunguo mu katundu. Hakulalamika mbele ya mutu. Lakini tanti Amira, bibi yake wa ndoa, aliniambia kwamba akifika nyumbani alikuwa anaenda kwanza ku maji, ananawa ule mukono wa kuume, ndiyo anasema salaam.

"Ananawa kama mutu ametoka kuzika," tanti alisema. "Miaka yote. Mi nilizoea."

Vile nyanya yangu alikufa, kiwanja chake kikauzwa, watoto wakagawana. Wengine walikula fungu lao. Idi alienda Dar, akarudi na Vitz. Ndogo, rangi ya ndimu mbichi, moteri ya lita moja, haina turbo, haina mbwembwe yoyote. Alifika nayo mu kiwanja chetu Kinama, akaizima, akabaki amekaa ndani. Watu wametoka manyumbani kutazama, yeye amekaa tu, mikono ku volan. Mi nikafungua mulango nikamuuliza kama anaumwa.

"Apana," akasema. "Nangoja mutu wa kunidai ufunguo."

Akatoa ufunguo, akaufunga ku kamba ya kiatu nyeusi, akavaa mu shingo. Hakuutoa tena. Akioga, unabaki pale. Akisujudu, unagonga sakafu kabla ya paji la uso. Tanti Amira alisema hata mu kitanda ule ufunguo unalala katikati yao kama mutoto.

Siku ya kwanza hakubeba abiria. Alimuweka tanti Amira mbele, mi nyuma, akatuzungusha. Mutakura tukapita pole pole mbele ya lile lango la bleu, na Idi, mutu ambaye sijawahi kumuona akipiga honi bure, akapiga. Dieudonné akatoka na kijiti mu meno.

"Idi! Hii ni gari ao ni kiatu?"

"Ni kiatu changu, patron. Ndiyo maana kinanienea."

Watu wakacheka. Dieudonné naye akacheka, huyo mutu anacheka vizuri sana, njo ubaya wake. Akaja akaegemea dirisha, akatazama tanti Amira, akatazama mi, akatazama ule ufunguo mu shingo.

"Kitakubana, sha. Siku kikikubana, katundu kako pale pale. Sitakafunga."

Idi akapandisha kioo.

Sasa musikilize vizuri, juu mambo yote yalitoka hapa. Esansi ikapotea mu muji. Mwanzo tulisema ni ya wiki, halafu ya mwezi, halafu tukaacha kusema. Gari zilipanga mulongo ku stasiyo mupaka madereva wakaota ndevu wakiwa ndani. Na vile mutu hawezi kula mulongo, Buja tukajifunza kunywesha gari kwa chupa. Chupa za maji ya kununua, zile za plastiki. Esansi ilivuka kutoka Kongo, ikapita ku mikono ya huyu, ikapita ku mikono ya ule, na kila mukono uliongeza mafuta ya taa kidogo ili chupa iwe nyingi. Kwetu Kinama aliyeuza ni Orlane, jirani. Alikuwa na kibanda cha makaa, na chini ya magunia ya makaa njo kulikuwa chupa. Ukikamatwa nayo, polisi wanachukua chupa, na wewe wanakuchukua.

Kwa hiyo kuko sheria yetu, haikuandikwa popote. Mutu usiyemujua akikuuliza esansi yako unatoa wapi, unasema pompi. Pompi inaweza kuwa imekauka mupaka buibui imejenga ndani, we unasema pompi. Yeye anajua unadanganya. Unajua anajua. Munaagana vizuri.

Vitz ilikunywa zile chupa kama zingine. Lakini ilianza kuchoka. Na mukubwa wa wateja wa Idi, yule aliyemulisha kweli, alikaa ku mulima: mama Spéciose, muuza unga wa muhogo, nyumba yake iko juu Gihosha. Mama yule ana mwili wa heshima, na kila jioni anapanda na magunia yake. Siku moja nilikuwa mbele, yeye nyuma, tukafika pale mulima unaposimama wima. Idi akaweka vitesi ya kwanza, ile gia ya nguvu, Vitz ikaanza kuguna.

"Idi," mama Spéciose akasema, "hii gari inapanda ao inasali?"

"Inapanda, mama."

"Mi ni mukristu, lakini nasikia inasoma tasbihi."

Nilicheka, wallahi nilishindwa. Gari ikapunguza, ikapunguza, tukapitwa na mutu wa baiskeli anayesukuma ndizi kwa mukono. Mama Spéciose akafungua mulango gari ikiwa inatembea, akashuka, akatembea pembeni yetu na kapu lake ku kichwa. Alikuwa anatupita.

"Nitangulie niweke maji ya chai ku moto? Ao nisukume? Nikisukuma utanilipa wewe!"

Watu ku barabara wakapiga makofi. Idi alicheka pia, lakini niliona mukono wake umekamata ufunguo mu shingo. Siku zilizofuata mama Spéciose akapanda na sisi leo, kesho akapanda na Probox ya Dieudonné. Si ubaya. Unga unataka kufika. Na Vitz, juu ya kupanda na vitesi ya kwanza kila mara, ilikunywa chupa za Orlane kuliko zamani, na Orlane mwenyewe alikuwa na siku za kusema hakuna.

Idi alianza kutembea kwa miguu kwenda kuswali, ili gari isiwake bure. Akaanza kuzima moteri ku mitelemuko. Mara moja nilimukuta amekaa ndani ya Vitz imezimwa, anaongea nayo. Nikarudi nyuma.

Njo pale Sylvère akafika na maneno yake. Sylvère anaendesha Prado ya mazutu, ile dizeli, ya mashirika, kiyoyozi mwaka muzima. Alikuja ku garaji yetu Mutakura kuweka hewa mu mipira, mi nafanya kazi pale, patron wangu ni Moubarak. Idi alikuwa amekaa ku benchi.

"Kuko kijana Kigobe, Loïc," Sylvère akasema. "Anachomeka ordinateri, ile kompyuta, chini ya volan, anabadilisha programu ya moteri. Wakubwa, ile Prado sasa! Napanda Bugarama kama mulima umelala chini. Na mazutu inakunywa kidogo kuliko mbele."

"Inakunywa kidogo?" Idi akauliza.

"Kidogo."

"Na inapanda?"

"Muzee, si nimesema."

Nilimuona Idi akisimama kama mutu ameitwa jina. Nikamuambia, tonton, ile ni Prado, hii yako ni kikombe. Akanitazama vile ananitazama nikiwa mujinga. Akamugeukia Moubarak.

"Mi najua kufungua moteri na kufunga," Moubarak akasema. "Hiyo ya kukaa ndani ya waya siijui, na sitajifanya naijua. Nenda umuulize mwenyewe."

Tukaenda. Idi alinichukua mi ili nimusaidie kwa Kifaransa, kama mi najua Kifaransa. Kigobe unaijua: barabara zimefagiwa, kuta ndefu, kila lango lina mutu. Loïc alifanyia kazi mu kiwanja cha baba yake, chini ya bati, sakafu safi kuliko meza yetu ya kulia. Kijana mwembamba, miwani, adabu nyingi. Ku lango alikaa polisi wa kulinda nyumba, ku kiti cha plastiki, anamenya chungwa.

Loïc hakutuongelea Kifaransa hata. Alifungua kofia ya moteri ya Vitz, akatazama, akafunga. Akasema wazi, na mi nitayasema vile vile aliyasema, hata kama nilitaka kumupasua baadaye.

"Muzee, Prado ya Sylvère ina turbo. Turbo inasukuma hewa mu moteri kwa nguvu. Mi nabadilisha programu, naiambia isukume zaidi, basi gari inapata nguvu. Yako haina turbo. Inavuta hewa na pua yake yenyewe, kama mi na we. Nikiipigia kelele mupaka kesho, pua haitakuwa kubwa."

"Hakuna kitu kabisa?"

"Kuko ka kitu kadogo. Naweza kufanya pedali iamuke haraka. Utasikia kama ina nguvu, lakini ni mushituko tu. Na naweza kuwahisha moto wa buji, ile plagi inayowasha esansi, kidogo, hapo ku mulima utapata ka kitu ka kweli. Lakini moto ukiwahi, esansi lazima iwe safi. Ikiwa mubaya inalipuka kabla ya saa yake, moteri inajipiga ndani mupaka inapasuka. Kwa ukweli wangu, mi ningeacha. Weka buji mupya, safisha filtre, pima hewa ya mipira. Utaona tofauti kuliko hii."

"Sikuja hapa kwa buji," Idi akasema.

Nilisikia sauti yake. Ilikuwa sauti ya mutu anayeongea na katundu ka lango. Loïc naye akaisikia, akainamisha kichwa.

"Sawa, muzee. Esansi yako unatoa wapi?"

Ule polisi akaacha kumenya chungwa. Pengine alikuwa amechoka mukono tu. Sijui. Alitutazama.

"Pompi," Idi akasema.

"Siku hizi? Kila mara?"

"Kila mara. Nina mutu ku stasiyo."

Na mi nilinyamaza, na we ungenyamaza, usinidanganye. Lakini kuko kitu hatukukifikiria. Kwetu Kinama ukisema pompi, kila mutu anajua ni chupa. Loïc amekulia Kigobe. Gari za baba yake zinakunywa ku pompi kweli, kwa vile watu wa pale wana njia zao. Yeye akisikia pompi, anasikia pompi. Akatikisa kichwa, akafungua ordinateri.

"Na hii taa?" akauliza. Ku dashibodi kulikuwa ile taa ya rangi ya chungwa, ya moteri. Iliwaka siku nyingi. "Hii inasema moteri inalalamika."

"Ilalamike kimya. Abiria wanaiona wanaogopa. Izime."

"Nikiizima isiwake tena, haitakuambia kitu hata ikiwa inakufa."

"Mi naendesha gari kabla ya baba yako kukuzaa," Idi akasema. "Nikiumwa najua. Ikiumwa nitajua."

Loïc akaizima.

Nitasema ukweli: kurudi kulikuwa kutamu. Unagusa pedali na Vitz inaruka kama umeichoma sindano. Idi alicheka peke yake. Alipita barabara ya lango la bleu bila sababu, akapiga honi tena. Jioni akamubeba mama Spéciose na magunia, tukaingia ule mulima, na Vitz ikapanda. Si kwa mbio. Lakini na vitesi ya pili, bila kuguna.

"Eh! Idi! Leo imekula nini hii?"

"Imeenda shule, mama."

"Shule gani? Nipeleke na bwana yangu!"

Alirudi kuwa muteja wetu. Idi akaanza tena kwenda musikiti na gari. Alimununulia tanti Amira kitenge, akamuambia gari sasa inakunywa kidogo. Tanti alikunja kile kitenge, akaniambia mi jikoni, pole pole: "Chupa za Orlane ni zile zile. Mi njo ninazibeba, najua uzito wake."

Halafu nikaisikia. Nilikuwa garaji, chini ya gari, na Vitz ikaingia. Sauti ndogo, kavu, mutu akikanyaga pedali: ka-ka-ka-ka. Kama maharage mu kopo. Nikatoka nimejigonga kichwa.

"Tonton, zima! Inapiga!"

"Inapiga nini?"

"Ndani! Husikii?"

"Ni nguvu inatoka."

"Nguvu gani? Ni maharage! Ile chupa ina mafuta ya taa, na ule kijana aliwahisha moto. Si alisema? Si ulisikia na maskio yako? Rudi umuambie arudishe vile ilikuwa!"

"Punguza sauti, Khaled. Kuko watu."

"Watu gani? Wafie mbali hao watu! Unataka kuua gari juu ya watu?"

Alinipiga kofi. Mbele ya Moubarak, mbele ya wote. Hakuwahi kunipiga hata nikiwa mudogo. Nikamurushia spana pembeni ya miguu, ikaruka ku feri, ku chuma za gari, nikatoka inje kupumua juu ningefanya kitu kibaya zaidi. Vile nilirudi alikuwa ameenda. Moubarak alisema tu: "Kurudi kwa Loïc ni kusema alidanganya. Na kule kuko polisi ku lango. Hatarudi."

Aliendesha vile. Alijifunza kukanyaga pole ili isipige, lakini mulima haupandi na pole. Taa ilikuwa imezimwa, dashibodi nzuri, nyeusi, kimya.

Ilikufia pale pale Gihosha, jioni, na mama Spéciose ndani. Yeye njo aliyenipigia simu. Nilifika na pikipiki nikakuta moshi umeisha, gari imesimama kombo, jiwe kubwa nyuma ya mupira. Ni mama Spéciose aliyelitafuta hilo jiwe. Alikuwa miguu bure, viatu mu mukono, jasho linamwagika. Nilingoja aseme neno la kuchekesha. Alichukua gunia moja ku kichwa, akaacha mengine, akapanda kwa miguu. Hapo njo nilijua gari imeisha.

Idi alikuwa amekaa ndani, ufunguo mu mukono, kamba imekatika.

Tuliishusha bila moteri mupaka Mutakura. Moubarak na mi tukaifungua. Tukatoa kulasi, kile kifuniko cha juu cha moteri, tukatazama. Pistoni ya pili ilikuwa na tundu katikati. Ningepitisha kidole. Mafuta yote yameungua, feri imekwaruza feri. Moubarak alichovya kitambaa mu esansi iliyobaki ku mupira wa kutoka ku tanki, akanusa, akamupa Idi naye anuse. Ilinuka taa ya jikoni. Idi akanusa, akakunja kile kitambaa vizuri, pembe kwa pembe, akakiweka ku meza.

Mi nilichukua spana ya gurudumu, nikaenda Kigobe. Nilitaka kuvunja miwani, ordinateri, kila kitu. Polisi akasimama. Loïc akatoka mwenyewe, akaniona mukono, hakukimbia.

"Imepasuka?"

"Pistoni!"

"Alisema pompi," Loïc akasema. "Nilimuuliza, akasema pompi, kila mara. We ulikuwa umekaa pale."

Alikuwa na machozi, ule mujinga. Ningemupiga kama angekuwa na kiburi. Nikamutukana mama yake, nikapiga teke lango lao, polisi akanirusha ku barabara, nikarudi nyumbani na kiatu kimepasuka.

Moteri nyingine ya kuweka ilikuwa Dar, na Dar siku hizi imekuwa mbali kwa mutu wa hali yetu. Kwa hiyo Vitz ikauzwa vipande. Mutu akaja akachukua mipira, mwingine viti, mwingine taa. Milango Idi aliifungua mwenyewe. Hakutaka nimusaidie. Aliifuta na sabuni kwanza, halafu akafungua vis, skrubu moja moja, akaziweka mu kopo. Kiwanja cha Kinama kikabaki na alama ya mafuta ku udongo, basi. Hakuna aliyetaka ufunguo. Ufunguo bila gari, nani atanunua? Alifunga kamba mupya, akauvaa tena.

Siku alienda kwa Dieudonné nilimufuata kwa mbali. Alibisha lango la bleu. Lango halikufunguka. Katundu kakafunguka.

"Nani?"

"Idi, patron."

Halafu ile sauti nzuri, ya kicheko:

"Kiatu kimebana?"

Nilingoja. Wallahi nilingoja tonton amujibu neno, moja tu, na mi ningekimbia nimalizie. Idi alivua kofia.

"Ndiyo, patron."

Mukono ukatoka na ufunguo wa Probox.

Sasa anaendesha ile. Anabeba mama Spéciose siku moja moja, na hawataniani tena. Jioni anapitisha ufunguo mu katundu, mulinzi anachungulia mushale. Ule mwingine uko chini ya shati. Nyumbani anaenda ku maji. Tanti Amira anamuwekea sabuni pale.

Na juzi tulikuwa ku parkingi ya Mutakura, mi nimekaa ndani ya Probox nakula embe, ikaja Vitz nyeupe ikasimama pembeni. Mulango wa dereva ni rangi ya ndimu mbichi. Dereva ni Anouar, kijana wa huku, gari amenunua si zamani, ana furaha ya mutu ambaye hajapigwa. Nyuma amebeba abiria mumoja, bwana wa shati safi, anatazama simu yake.

"Tonton Idi! Shikamoo. Unatambua mulango wako?"

"Marahaba. Nautambua."

"Unafungika vizuri kuliko yote! Sikia, nataka kukuuliza. Ni kweli yako ulipeleka kwa Loïc wa Kigobe? Mi naenda. Hii haipandi, wanawake wananicheka. Lakini nilimupigia simu, ananiuliza maneno mengi ya esansi, esansi gani, ya wapi. We ulikuwa unaweka gani?"

Idi alitazama ule mulango. Halafu akatazama kiti cha nyuma, ule bwana wa shati safi. Ule bwana hakuinua hata macho.

"Pompi," Idi akasema.

"Pompi tupu? Na ikakufa hivyo?"

"Ikakufa."

"Basi yako ilizeeka tu, tonton. Hii yangu bado kijana." Alisadiki, juu kwetu ile pompi ya uongo ni ya mutu usiyemujua. Akacheka, akapiga mulango kofi mbili kwa upendo, akawasha.

Nilifungua domo. Embe likaniangukia. Idi alinikamata mukono, alinifinya mupaka ku mufupa, na ile Vitz ikaondoka, ikaingia mu barabara ya lami.

"Tonton! Umemuambia nini? Na yeye ananywesha chupa! Unataka apasue?"

"Ulimuona ule wa nyuma?"

"Nilimuona. Ni nani?"

"Sijui," Idi akasema. "Na we?"

"Hata mi simujui."

"Basi."

Akashusha kofia, akawasha Probox ya Dieudonné.

Kesho yake niliamukia ku parkingi kumutafuta Anouar, nimuambie yote, hata mbele ya abiria, hata mbele ya polisi, wanifunge. Wakaniambia amepita mapema. Ameenda Kigobe.